Miti Yangu ya Uzee na Maji ya Mulamu

Siku ya tatu, katikati ya juma, mwezi wa saba. Jua kali tangu asubui. Vumbi imeingia mpaka ndani ya chumvi. Roho yangu iko mubaya, na leo siko na muntu wa kubebesha kosa isipokuwa mimi mwenyewe.

Mimi sikusomaka. Wale wanafuataka hii shajara wanajua tayari: naongea ndani ya telefone, binti yangu Esperansi anasikia kule Goma na anaandika, wamama wengine wanasoma ku telefone zao. Kila mara namuambia aandike vile nilisema, asitengeneze. Leo namuambia mara mbili. Esperansi, humu kuko neno itakugusa na wewe. Usiiruke.

Juma iliyopita aliniletea ulizo. Eti wamama wanaosoma hapa wanabishana: muntu anahitaji franka ngapi ili azeeke na roho kutulia, ile wasomi wanaita retrete. Mama mumoja, mwalimu ya zamani, aliandika kama bila nyumba ya kupangisha hakuna uzee. Mwingine alisema dola mia mbili kila mwezi, na mutoto mumoja Ulaya. Mwingine alisema yeye hana mingi, anataka tu bwana asiyekoroma. Kisha wakauliza: na wewe Mama Esperansi, unasema nini?

Nilicheka. Jibu nilikuwa nayo, na ilikuwa jibu ya kujivuna.

Nilitaka kuwaambia hivi: mimi sihesabu franka, nahesabu miti. Niko na kaliptusi makumi ine, zimesimama chini ya shamba yangu, na njo hizo retrete yangu.

Musinicheke. Hapa kwetu, kwenye vilima juu ya Kashuga, franka ni kitu ya kukimbia nayo, na kitu ya kukimbia nayo njo wanakunyanganya njiani. Ngombe iko na miguu, wanaitembeza. Mbuzi inalia, wanaisikia ilipo. Mimi nilikimbia vita mara ine ndani ya maisha yangu, na mara zote nilirudi nikakuta nyumba haina hata mulango. Lakini muti hakuna mwenye anaiweka ku kichwa akiwa na haraka. Unatoka kambi na kikwembe moja ya kujifunga, unapanda kilima, unaikuta pale. Haikulia wakati wewe haukuwa pale. Ilikuwa inanenepa.

Na kila moja niliipatia kazi yake. Tatu za mabati, juu nyumba yangu inavuja pale pale ninapolala. Mbili za godoro, mugongo imechoka na majani. Ine za lopitali. Moja ya sabuni na chumvi. Moja ya sukari: nilisema mimi nitakunywa chai ya sukari mpaka siku nitafunga macho, na asiyefurahi ajinywee yake kavu. Moja ya nguo ya kanisa. Tatu za ndoa za watu, ili nisiingie kwa sherehe na mukono wazi kama aliyekuja kula. Zingine za wajukuu. Nimeona wazee ambao wajukuu wao wanawasalimia wakiwa wamesimama, na wanaenda. Mimi nilitaka wangu waketi, wangoje nifungue fundo ya pesa ku kikwembe.

Na moja, ile iliyonyooka kupita zote, ni ya sanduku ya kunizika. Nikipita karibu naigonga na mukono, naiambia: ngoja kidogo.

Hiyo njo hesabu yangu ya uzee. Niliitunza ku kichwa myaka nane, na ilikuwa inanipatia usingizi.

Sasa nitasema mahali miti inasimama.

Chini ya shamba yangu kulikuwa chemchem. Nasema kulikuwa. Na karibu na chemchem iko nyumba ya Vumilia, dada ya bwana yangu. Namuita mulamu, ananiita mulamu, na tumeitana hivyo tangu siku nilifika humu na kichwa kimefunikwa. Naomba mumujue huyu muke kwanza, ili mujue nilifanya nini.

Wakati bwana yangu alikufa, tulikuwa bado tunalala ku matandiko ya kilio, kaka zake walikuja juu ya shamba. Mukubwa alitoka Itebero kwa miguu, siku na siku ndani ya pori, miguu imevimba. Nilifikiri ni machozi imemuleta. Ilikuwa shamba. Aliketi, akala, akasema mujane mwenye kuzaa wasichana tu hawezi kubakia na kilima ya baba yao, niende kwetu.

Mujane wa siku tatu anasema nini?

Vumilia aliinuka, akaenda kuchukua jembe, akashuka katikati ya shamba, akaanza kulima.

Kwa mwenye si wa kwetu, sikia: wakati wa kilio hakuna muntu analima. Jembe inalala mpaka kilio iishe. Mwenye anagusa udongo mbele ya hapo, wanasema anaita kifo ingine ndani ya jamaa, na itamuanzia yeye. Hata sisi wakristo tunaogopa, pastere anasema tusiogope na yeye pia halimi. Vumilia alilima. Kila muntu alisimama akamuangalia. Akasema bila kuinua kichwa: «Mimi ni mutoto wa hapa. Nalimia muke wa kaka yangu. Mwenye anataka kunitosha, kuniondoa humu, ashuke anikamate mukono.»

Hakuna aliyeshuka. Nani angemugusa, na ile mukosi yote juu yake? Alilima mpaka jua ikashuka. Asubui yake mwanaume wa Itebero alishika njia ya kurudi.

Mimi nilibakia na shamba. Yeye alibakia na mukosi. Karibu mwaka muzima watu walikataa kula kwake. Wakipita mbele ya nyumba walikuwa wanaharakisha. Mutoto wake mumoja alipougua na kufa, kuko wenye walisema: si alilima?

Huyo njo mulamu.

Mwaka uliofuata watu wa mradi moja walileta miche ku kiwanja ya kanisa. Siku ya kugawa mimi nilikuwa na homa. Nilienda siku ya mwisho, peke yangu, nikakuta miche ya kahawa yote imeisha, inabakia kaliptusi makumi ine ndani ya mifuko yake myeusi. Agronome, mwalimu wao wa kilimo, kijana na buti safi, alinipatia zote, akafurahi kutorudi nazo. Kisha akaniambia: «Mama, hii muti inakunywa maji sana. Hesabu hatua mia kutoka chemchem, njo upande.»

Nilimuuliza: hatua yako ao yangu? Akacheka. Nikacheka.

Nilisikia. Hii njo neno nataka iandikwe muzuri. Nilisikia, nikaelewa, na masikio yangu ilikuwa mazima.

Nilifika ku shamba, nikaanza kuhesabu kutoka maji. Nilipofika makumi tatu nilisimama. Pale udongo ilikuwa mweusi na baridi, kidole inaingia yenyewe. Juu zaidi ilikuwa kavu, ningebebea miche maji kipindi yote ya jua, na magoti yangu ilikuwa imeanza kulia. Tena kule juu nilitaka kupanda maharagi. Nikajiambia kati ya makumi tatu na mia si mbali sana. Nikapanda.

Uvivu. Uvivu na maharagi.

Vumilia alikuwa na bustani pembeni ya ile chemchem. Madeke, ile magimbi, lengalenga ya mboga, kabichi. Siku ya soko alikuwa anabeba kikapu mpaka Kashuga na anarudi na sabuni, na mafuta, na samaki kidogo. Kijana wake aliyebaki alienda Walikale kutafuta maisha, na telefone yake haiiti tena. Huyu muke hakuwahi kuja kwangu kuomba hata chumvi ya kuweka ku kidole. Retrete yake ilikuwa ile maji. Hakuipa jina, hakuihesabu, lakini ilikuwa ile.

Myaka ya kwanza hakukuwa kitu. Kisha bidoni ya kutekea maji ikaanza kukawia kujaa. Kisha ikakawia mpaka unaweza kuimba wimbo muzima wa kanisa, na mashairi yake yote, mbele ijae. Mwaka jana wakati wa jua ilikuwa matope. Mwaka huu hakuna hata matope. Lengalenga ilikufa kwanza, kisha kabichi, kisha madeke, na wewe unajua madeke haikufake mbio.

Watu walianza kutafuta sababu. Wamoja walisema ni jua ya siku hizi. Wengine, ni dhambi ya vijana. Muzee mumoja wa pale juu alisema siku moja mbele ya watu: «Ao ni ile kaliptusi?» Nilimugeukia mbio. Nilimuambia: «Papa, kule ngambo kaliptusi iko na maji iko. Wewe tangu lini unajua miti?» Watu walimucheka. Muzee wa watu, akaangalia fimbo yake.

Na kuko mubaya kupita hiyo.

Mimi njo niko mbele ya wamama wa maombi. Vumilia aliomba kanisa tufunge siku tatu juu ya maji. Tulifunga. Siku ya tatu mimi njo niliongoza sala. Nilisimama mbele ya Mungu na mbele ya wale wamama wote, nikaomba kwa sauti kubwa atuonyeshe mwenye alifunga chemchem. Nililia. Machozi ya kweli, si ya kufinya. Vumilia alinishika mukono wakati nalia, akanipangusa na kitambaa yake.

Sijui Mungu alifikiri nini. Najua mimi nilifikiri nini: nilifikiri bado myaka mbili, mbao ikomae.

Basi leo.

Asubui alikuja Papa Bahati, mununuzi wa mbao, mwenye kupelekaka Sake. Alitoa kamba mufukoni, akaanza kupima miti kiuno moja moja kama fundi wa nguo. Alikuwa anafurahi. «Mama, hii miti yako imenenepa kama mutoto wa mupishi. Unainywesha nini?»

Nikamuonyesha muti ingine apime.

Akasema kama nakata leo, ni fito za kujengea na makala ya moto tu, bei ya huruma. Nikingoja myaka mbili, ni mbao, na atanilipa vile wanaume wanalipaka wanaume. Nikamuambia nitangoja. Nilikuwa tayari nimegonga ile ya sanduku.

Njo Vumilia akatokea ku njia, anapanda. Sasa maji tunateka kule chini ku bonde, kushuka na kupanda ni nusu ya asubui. Alikuwa na bidoni ya litre makumi mbili ku mugongo, kamba ku paji la uso. Upande moja wa kikwembe ulikuwa maji na matope, na kiwiko kilikuwa kimechunika. Alianguka. Kifuniko ilitoka, maji nusu ikaenda. Hakusema ameanguka. Alishusha bidoni, akaketi ndani ya kivuli ya miti yangu, akapumua, kisha akamuambia mununuzi:

«Papa, usimuibie mulamu wangu. Hii miti njo bwana zake wa sasa.»

«Makumi ine, Mama? Anawaweza wote?»

«Anawaweza. Hakuna hata mumoja anamuulizaka chakula.»

Papa Bahati alicheka mpaka akashika muti. Na mimi nilicheka. Kisha Vumilia aliangalia juu, kule majani inacheza, akaniambia polepole: «Mulamu, wewe utazeeka muzuri. Yangu Mungu aliifunga. Lakini nikiona yako, roho inafurahi. Hata moja yetu apumuzike.»

Nikasema: pole.

Pole. Njo neno nilipata.

Alifunga kamba yake tena ku paji la uso, akaenda. Nilimuangalia mpaka alipopinda. Muke wa umri yangu, magoti yake si mapya kupita yangu, na ile damu ya kiwiko inashuka mpaka ku vidole bila yeye kuipangusa.

Sikula. Maharagi iliungua ku moto, niko nayaangalia yanaungua. Nilijaribu kujiambia maneno. Nilijiambia mimi pia ni mujane. Nilijiambia kama naugua, Esperansi iko mbali na ana watoto wake, nani atanilipia? Nilijiambia hata nikikata leo, maji haitarudi kesho. Yote ilikuwa kweli, na hakuna hata moja iliyonisaidia. Mambo ya kweli inaweza kusimama mbele yako mustari muzima na wewe bado ni mwizi.

Saa ya kumi nilishuka kwake.

Alikuwa anachambua maharagi ku lungo, mbele ya mulango. Sikuketi. Nilijua nikiketi tutaanza kuongea habari ya watoto. Nikasema: «Mulamu, maji ni mimi.»

«Wewe namna gani?»

«Kaliptusi. Agronome aliniambia nisipande karibu. Nilipanda karibu.»

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akaitupa. Akatoa ingine.

«Alikuambia siku gani?»

«Siku alinipa miche.»

«Kwa hiyo siku tulifunga, ulikuwa unajua.»

«Nilikuwa najua.»

«Na ulilia.»

«Nililia.»

«Ile machozi ilikuwa ya nini?»

Mpaka saa hii niko natafuta jibu. Labda ilikuwa ya woga. Labda nilikuwa najililia mimi, juu niliona vile naanguka na sikutaka kusimama. Sijui. Nilisimama pale kama muti.

Aliweka lungo chini. Akasema, bila kupandisha sauti: «Na miti sina kesi. Muti ni muti, kila muntu anatafuta uzee wake. Kesi yangu ni ile sala. Nilikushika mukono, mulamu.»

Ningependa anitukane. Vumilia anajua kutukana, wote wa hapa wanamujua, kuko wanaume wanapita njia ya mbali juu ya mudomo yake. Hakunitukana. Aliinuka, akaingia ndani, nikafikiri anafunga mulango. Akatoka na kikombe. Ilikuwa imejaa maji, ya ile bidoni ya asubui, ile nusu iliyobaki.

«Kunywa,» akasema. «Umefika kwangu na jua.»

Kwetu mugeni anapewa maji. Hata mwenye unagombana naye. Nilikunywa yote, juu kuacha ingekuwa kumutukana, na kila mumezo nilikuwa najua umetoka wapi na ameubeba namna gani. Nilimurudishia kikombe. Aliipokea na mikono mbili, vile tunapokeaka, kisha akageuka, akarudi kwa maharagi yake. Hakuniambia niende. Hakuniambia nibaki. Nilienda.

Nikipanda kilima nilipigia Papa Bahati telefone. Alikuwa bado Kashuga.

«Kuya ukate,» nikamuambia.

«Mama, tumeongea myaka mbili.»

«Tumeongea. Sasa kuya.»

«Ngapi?»

Hapo nilisimama njiani. Nitasema yote, juu leo ni siku ya kusema. Nilifikiri zile tatu za juu kabisa, mbali kidogo na maji. Nilifikiri ile ya sanduku, iko ndani ya hizo tatu. Mudomo yangu ilifunguka kusema makumi tatu na saba. Hata baada ya kile kikombe, mudomo ilifunguka. Muone muntu alivyo.

«Zote,» nikasema.

Na si kukata tu. Kaliptusi ukikata inaota tena, shina moja inatoa vijana tano, na wote wana kiu. Nimemuambia watu wake wang'oe na mashina, mizizi na yote. Aliniambia kung'oa ni kazi ingine na bei ingine, na kwamba pesa ya fito karibu yote itaishia pale, na kwamba mimi ni muzee na jua imenipiga. Nikamuambia akuye na majembe. Atafika siku ya kwanza ya juma inayokuja.

Na siku ya Bwana, ku kanisa, mbele ya wamama wa maombi, nitasimama. Nitaanzia kwa yule muzee mwenye nilifanya watu wamucheke, kisha nitasema ile sala ilikuwa ya nini, ao nitasema sijui ilikuwa ya nini. Wakitaka kunitosha mbele, wanitoshe. Kuna wamama wengine wanajua kuomba.

Esperansi, sasa ni wewe. Najua umesimamisha vidole. Najua ulikuwa umeweka hesabu yako juu ya ile miti, vile nami nilikuwa nimeiweka: kwamba mama anajitegemea, kwamba hutatumatuma kila mwezi. Ulikuwa na haki nikuulize mbele nikate. Sikukuuliza, juu ungeniambia maneno ya akili, na mimi ningeyashika na mikono mbili. Basi utanitumia sabuni. Utanitumia na sukari ukiweza, na mwezi wewe hauwezi nitakunywa chai kavu na nitakunyamazia. Mabati itangoja. Kasirika, uko na ruhusa, lakini andika.

Na nyinyi wamama mulioniuliza franka ngapi. Mimi sina jibu tena. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa muzuri, ilikuwa inatosha mpaka ku sanduku, na ilikuwa inakunywa maji ya mwenzangu. Hesabu zenu sizijui. Angalieni tu chini ya shamba, nani anakaa pale.

Swali inanisumbua saa hii si ya pesa. Ni hii: na kama maji hairudi? Watu wanasema kuko mahali ilirudi baada ya mvua mbili tatu, na kuko mahali haikurudi kabisa. Mimi na Vumilia hatuna mvua mingi mbele yetu.

Kesho, jogoo wa kwanza, nitapita kwake kuchukua bidoni na kushuka ku bonde. Si ile ya litre makumi mbili, hiyo itaniua njiani na nitamuongezea kazi. Ile ndogo ya litre kumi, mara mbili kama magoti inakubali, mara moja kama inakataa. Akininyima bidoni nitatumia yangu, nitaiweka ku mulango yake na nitaenda bila kungoja salamu. Na kesho kutwa vilevile, mpaka chemchem irudi ao mpaka moja yetu asihitaji maji tena.

Akiimwaga ile maji, nitashuka tena.